Tarakimu zilezile, mfumo mwingine

Tunapofundisha mifumo ya namba, mara nyingi tunaishia mwanafunzi akishaandika 13 kuwa 1101 katika mfumo wa mbili, yaani 8 + 4 + 0 + 1. Kwangu mimi utamu unaanzia hapo. Ziache tarakimu 1101 zilivyo, ila zisome kama za mfumo wa tatu: 27 + 9 + 0 + 1 = 37. Fanya hivyo kwa kila namba kuanzia 0, utapata 0, 1, 3, 4, 9, 10, 12, 13, 27, 28 na kuendelea.

Fikiria mizani ya muuza maharage pale Mwanjelwa, Mbeya. Mpe mawe manne ya kilo 1, 3, 9 na 27, yote yakae sahani moja. Uzito atakaoweza kupima ni namba za mfuatano huu tu, hadi 40. Kilo 2 hapati, wala 5 hadi 8. Akipewa mawe ya 1, 2, 4 na 8, anapima kila kilo hadi 15.

Kuna jambo zuri zaidi. Katika mfuatano ule wa 0, 1, 3, 4, 9 hamna namba tatu tofauti zinazopishana kwa kiasi sawa, mfano 4, 7, 10. Hiyo 7 haimo. Kwa nini? Zidisha ya katikati kwa mbili: katika mfumo wa tatu inabaki na tarakimu 0 na 2 pekee. Jumla ya zile za pembeni lazima ilingane nayo, na kwa kuwa tarakimu zao ni 0 na 1, hakuna kubeba. Basi 2 imetoka kwa 1 na 1, na 0 kwa 0 na 0. Za pembeni ni namba ileile, si mbili tofauti. Uthibitisho huu mwanafunzi wa sekondari anaumudu kabisa, na ni kosa kumnyima.

Njia nyingine ya kupata mfuatano ni kugeuza tarakimu za mfumo wa mbili, 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, na wengi hukwama hapo. Tano ni 101, ikigeuzwa inakuwa 010, yaani 2. Ukiiandika kwa nafasi nane, 00000101, unapata 11111010, ambayo ni 250. Hiyo ni mifuatano miwili tofauti, kwa hiyo taja idadi ya nafasi kabla ya kuanza.

Ukishapata namba nane hivi kwa mkono, zitafute kwenye OEIS, ensaiklopidia ya mifuatano ya mtandaoni iliyotokana na mkusanyo alioanza mwanahisabati Neil Sloane mwaka 1964. Ule wa mizani umo kwa jina A005836. Ukikosa, kagua kwanza sifuri za mbele.