Prosesa ya Kibuye

Ijumaa jioni kwenye studio yetu hapa Kondele, Kisumu, ni saa za matanga. Kesho kuna maziko Ugunja, Bondo na Ahero. Kila familia inataka video ya marehemu ya kuonyeshwa chini ya hema, na kila familia imekumbuka leo. Siku hiyo video nne zilikuwa zinatengenezwa kwa pamoja ndani ya mashine pepe moja ndogo (kompyuta ya kuigizwa na programu ndani ya seva yetu), zote zikigombania prosesa moja, asilimia zikijikokota kama lori la mchanga linalopanda kilima cha Riat.

"Izime, uiwashe," akaamuru Jaduong', mwenye studio.

Nikamwambia tukizima, zote nne zinaanza upya. Afadhali niiongezee prosesa huku inaendelea na kazi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Seva yenyewe, lile sanduku la mtumba chini ya meza, ina prosesa nane ndani ya chipu moja, na nyingi zinasinzia. Natumia Cloud Hypervisor, programu ya kuendesha mashine pepe, ambayo inakuruhusu kuwasha mashine pepe kwa prosesa moja huku ukitangaza mapema kwamba zinaweza kufika nne. Ukizihitaji unatuma amri kutoka nje, na ndani hakuna kinachozimwa. (Firecracker, programu nyingine ya aina hiyo, ilipotoka mwaka 2018, ilisifika kwa kuwaka upesi ajabu, lakini idadi ya prosesa unaipanga kabla ya kuwasha, basi. Kwa Ijumaa za Kondele hiyo haitufai.) Haya yote Jaduong' hakuyangoja. Alisikia "kuongeza", akaita boda.

Nikatuma amri. Ikakubaliwa kimya kimya, na asilimia zikabaki palepale. Hili limewachanganya wengi: prosesa mpya zikifika, Linux, mfumo unaoendesha mashine pepe kwa ndani, inaziona lakini haizipi kazi mpaka uziamshe moja moja, kwa kuandika 1 ndani ya faili liitwalo online kwenye folda ya kila prosesa. Nilikuwa nalitafuta faili la kwanza mlango uliposukumwa.

Jaduong' alikuwa na fundi wa soko la Kibuye. Fundi kashika bisibisi. Jaduong' kashika kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakifunua kwa heshima zote: prosesa ya mtumba, pini za pembeni zimelala.

"Mia nane," akasema. "Alitaka elfu moja na mia mbili."

Fundi hakuuliza chochote. Alipiga magoti, akalegeza skrubu, kifuniko kikatoka na feni zinavuma.

"Si ulisema haizimwi?" Jaduong' akanikumbusha, maana nilikuwa nimeshajitupa sakafuni kati ya bisibisi na video ya marehemu wa Ugunja.

Fundi alichungulia juu ya bega langu. "Mzee, hapa kuna nafasi moja tu, na ina mwenyewe."

"Basi toa huyo wa zamani."

"Jaduong', tafadhali, njoo uone kwanza." Nikaandika lscpu, amri ya kuorodhesha prosesa, nikamwonyesha kwa kidole: zilizo kazini, 0, zilizo nje ya kazi, 1 hadi 3.

Akavaa miwani. "Sufuri? Miaka yote hii nalipia stima prosesa sufuri?"

Nikamweleza kwamba Linux huanza kuhesabu na sufuri, kwa hiyo hiyo 0 ndiyo prosesa ya kwanza. Fundi akaguna. Akasema yeye akimwandikia mteja risiti namba sufuri, halipwi.

Nikaachana nao, nikaandika 1 kwenye mafaili yote matatu. Asilimia zikachomoka. Video ya Ugunja ikakamilika fundi akiwa bado anarudisha skrubu, na ya Bondo ikaifuata.

Jaduong' akatazama skrini, kisha akatazama prosesa yake, iliyokuwa imelala juu ya sanduku kwenye gazeti lake.

"Mmeona? Hata haijaingizwa, na imeshika!"

Fundi akalipwa. Mimi nikaambiwa asante.

Kisha Jaduong' akairudia ile lscpu, akafuata mstari kwa ukucha: kazini, 0 hadi 3. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Ulisema zitakuwa nne. Hapa ya mwisho ni tatu."

Nikafungua mdomo nianze tena na habari za sufuri, lakini yeye alishamgeukia fundi, aliyekuwa mlangoni.

"Wewe, rudi hapa. Geuza mifuko."