Barua taka zimenichosha

Sanduku la barua pepe la ofisi yetu liko kwenye seva (kompyuta inayotunza barua zetu) Ujerumani, mimi niko Moshi, na barua taka zinanifuata hadi kitandani. Kompyuta ya ofisini nimeifundisha miezi mitatu kuzitambua, na inazitambua vizuri kabisa. Lakini nikiizima jioni, uchujaji nao umelala! Barua zinabaki kwenye seva, simu inazivuta zote, inalia usiku kucha: urithi wa marehemu nisiyemjua, mikopo, ankara za uongo.

Dawa ni kuchuja kulekule kwenye seva. SpamAssassin, kwa mfano, programu ya kuchuja barua taka, huipa kila barua alama, na kwa kawaida ikifika 5 inahesabiwa taka. Sasa waliotukodisha seva wamefunga mipangilio yote ya kichujio chake; siwezi kubadili kiwango cha alama wala kuongeza anwani za wateja ninaowaamini. Wiki iliyopita mgeni aliuliza bei ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, kichujio cha seva kikaitupa barua yake kwenye taka. Nimeikuta siku ya nne, mwenyewe ameshalipa kwingine. Hiyo ni riziki ya wapagazi wetu, jamani! Tufungulieni hiyo mipangilio tuchuje wenyewe.