Kalenda ni jedwali, si hesabu

Kila mradi wenye ripoti ndani yake, jedwali la kwanza ninalolitengeneza ni la kalenda. Mstari mmoja kwa kila siku, kuanzia 1 Januari 2000 hadi 31 Desemba 2049. Wenzangu wamezoea kunitania: "Kwani hifadhidata haijui tarehe mpaka uiandikie?" Inazijua, tena vizuri. Inajua kwamba Februari ya mwaka 2000 ilikuwa na siku 29 na kwamba ya 2100 itakuwa na 28. Isichokijua ni siku zenu nyinyi: mnafunga lini, mwaka wenu wa fedha unaanza mwezi gani, wiki yenu inahesabiwa kutoka wapi. Hayo hayana kanuni. Ni taarifa tu, na taarifa mahali pake ni kwenye jedwali.

Niliyajua haya kwa kuumbuka. Niliandika ripoti ya oda kwa siku. Wiki moja ilisoma hivi: Jumatatu 12, Jumanne 9, Alhamisi 15, Ijumaa 8. Wastani 11 kwa siku, kila mtu akafurahi. Jumatano fomu ya kuagizia ilikuwa imekufa tangu asubuhi, haikuingia hata oda moja, na grafu yangu ikaruka kutoka Jumanne hadi Alhamisi kama vile Jumatano haikuumbwa. Wastani wa kweli ulikuwa 8.8. Aliyetushtua ni mteja, si ripoti. GROUP BY, amri ya kukusanya mistari kwa makundi katika SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata), hupanga mistari iliyopo, na siku isiyo na oda haina mstari wa kupangwa.

Dawa yake ni kuanzia kwenye kalenda, kisha kuziita oda kwa LEFT JOIN, inayobakiza kila siku ya kalenda hata isipopata oda:

SELECT k.tarehe, COUNT(o.id)
FROM kalenda k
LEFT JOIN oda o
  ON o.wakati >= k.tarehe
 AND o.wakati < k.kesho
WHERE k.siku_ya_kazi
GROUP BY k.tarehe;

Angalia vitu viwili hapo. Nimehesabu o.id, yaani namba ya oda, sikuandika COUNT(*). Ukiweka nyota, Jumatano yenye oda sifuri itakuletea 1, maana mstari wa kalenda wenyewe nao unahesabiwa, na utakuwa umelitibu kosa moja kwa kuzaa jingine lililojificha zaidi. Cha pili ni safu ya "kesho". Inaonekana ya kipuuzi, tarehe ya leo na tarehe ya kesho kwenye mstari mmoja, lakini inakuepusha na mchezo wa kuifungia siku saa 23:59:59, na inakuepusha kuikata safu ya wakati iwe tarehe kila mara, jambo ambalo mara nyingi hufanya faharasa (orodha ya kutafutia haraka) uliyoijenga juu yake isitumike.

Ila safu ninayoipenda kuliko zote ni namba ya siku ya kazi. Hesabu siku za kazi tangu mwanzo wa jedwali, moja baada ya nyingine, na siku za mapumziko zibebe namba ya siku ya kazi iliyotangulia. Tuseme Ijumaa fulani ni 412. Jumamosi na Jumapili nazo ni 412, Jumatatu ni 413. Ukitaka kujua zimepita siku ngapi za kazi kati ya tarehe mbili, unatoa namba moja kwa nyingine, basi. Ukitaka tarehe ya siku kumi za kazi baada ya Ijumaa ile, unatafuta 422 yenye siku_ya_kazi kuwa kweli. Usisahau sharti hilo la mwisho, vinginevyo 422 ikiangukia Ijumaa utapata mistari mitatu na ankara moja itatumwa mara tatu. Nimewahi kuona kazi hiyohiyo ikifanywa kwa kitanzi kinachosogea siku moja moja na masharti kama ishirini ya "kama", kila sikukuu na sharti lake. Aliyekiandika alikuwa ameshaondoka, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Na sikukuu zenyewe hazishikiki kwa masharti. Pasaka inakokotoleka, ingawa hutangatanga kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Idd husubiri mwezi uandame. Nyingine hutangazwa na serikali zikiwa zimebaki siku chache. Ukiwa na jedwali, unabadilisha mstari mmoja, unapanga namba upya, unaenda kulala. Hata siku za kawaida zina vituko: Samoa waliiruka 30 Desemba 2011 walipohamia upande wa pili wa mstari wa tarehe. Kanuni yoyote ya hesabu itakupa siku ambayo huko hakuna aliyeiishi.

Namba za siku za wiki nazo ni balaa. Kwa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, Jumatatu ni 1. Kwa DAYOFWEEK ya hifadhidata ya MySQL ni 2, kwa WEEKDAY ya MySQL hiyohiyo ni 0, na kwa hifadhidata ya SQL Server inategemea DATEFIRST, mpangilio wa siku ya kwanza ya wiki, imewekwaje. Nasi Waswahili tusijitoe kwenye lawama: kwa jina lake tu Jumatatu ni ya tatu, maana tumeanza na Jumamosi, halafu tukishafika Jumatano tunaleta Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Amua mara moja, andika kwenye safu, mjadala ufungwe. Wiki ni hivyohivyo, na namba yake iende na safu ya mwaka wake, kwa sababu kwa ISO 31 Desemba 2024 imo kwenye wiki ya 1 ya 2025, na 1 Januari 2021 imo kwenye wiki ya 53 ya 2020.

Wapo wanaoniambia hifadhidata ya PostgreSQL ina generate_series, inazalisha siku papo kwa papo. Ndiyo, na ndiyo ninayoitumia kulijaza jedwali. Kuziba mapengo inatosha. Kujua kama Alhamisi ijayo mmefunga haitoshi. Na mistari yote ya miaka hiyo 50 ni 18,263 tu, kitu ambacho seva yoyote inakimeza bila kukohoa.

Ninachokataa ni ufunguo (kitambulisho cha kila mstari) wa namba nzima wa mtindo wa 20240131. Ongeza moja upate 20240132, siku isiyokuwepo duniani. Aina ya tarehe ipo, itumie iwe ufunguo.

Kasoro ya kweli ya jedwali hili ni kwamba lina mwisho. Nilikuta moja lililojazwa hadi 31 Desemba ya mwaka uliokuwa unaisha. Asubuhi ya 1 Januari ripoti zikatoka tupu, bila kosa lolote kuonyeshwa. Tangu hapo safu ya tarehe kwenye jedwali la ankara naifunga na kalenda kwa ufunguo wa kigeni, ili tarehe isiyomo ikataliwe palepale. Ya kwanza kukataliwa ilikuwa ankara ya mwaka 2204. Mtu alikuwa amepindua tarakimu.