Windo Jipya la Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na steshenari Morogoro, jirani na shule ya sekondari, na humo ndani kulikuwa na kompyuta moja iliyobeba kila kitu: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, ratiba za mazishi, mitihani ya walimu. Mchapaji nilikuwa mimi. Yeye alisubiri ninyanyuke kwenda kutoa kopi, akalie kiti changu acheze karata. Uso kaukunja, ungeapa anapitia hesabu za benki. Wateja walikuwa wanapunguza sauti wakiingia.

Mashine iliendeshwa na programu ya Windows XP, "windo" kwa lugha ya mafundi, na Mjomba aliipenda XP kuliko baadhi ya ndugu. Ile picha yake ya kwenye skrini, ya kilima cha kijani na mawingu, aliwaambia watu ni Lushoto. Akiulizwa sehemu gani, alitaja mpaka njia ya kupandia. Picha yenyewe ilipigwa California mwaka 1996 na bwana mmoja, Charles O'Rear, lakini nani angembishia Mjomba dukani kwake? Windows Vista ilitoka 2007, Windows 7 ikatoka 2009, zote zikampita kama daladala zilizojaa.

Mwaka 2014 akaja fundi. "Mzee, XP imekufa. Tarehe 8 Aprili."

"Imezikwa wapi?"

Fundi akaeleza kwa upole kwamba waliotengeneza wameacha kuitolea viraka vya kuziba matundu ya usalama, sasa kila flashi ya mteja ni mlango wa virusi. Mjomba akasema virusi anaishi navyo miaka yote, wamezoeana. Fundi akamwambia mashine itakuwa nzito. Mjomba akasema hana haraka. Basi fundi akafunga begi lake, na akiwa mlangoni, bila hata kugeuka, akasema, "Haya Mzee. Yule wa ng'ambo ya barabara nimeshampigia Windows 8 tangu juzi."

Pesa ilitoka papo hapo. Mimi nilikuwa naomba kiti kipya tangu Krismasi.

Windo likapigwa usiku. Asubuhi tukakuta skrini imejaa vigae vya rangi: bluu, kijani, zambarau, vingine vinajigeuza vyenyewe. Mjomba akafurahi sana, akamwita na muuza mihogo aje kuona. Kilichokuwa kimepotea ni kitufe cha Start, kile cha kona ya kushoto chini, ambacho mikono yetu ilikuwa inakwenda kukishika yenyewe bila kuuliza kichwa. Kelele za watumiaji duniani kote zilikuwa zimeshafanya kirudishwe kwenye toleo la 8.1, Oktoba 2013, ila flashi ya fundi wetu ilikuwa na 8 tupu. Nikampigia simu.

"Peleka mausi kwenye kona," akasema.

"Kona ipi?"

"Zote zina kitu."

Tulikuwa bado tunazurura kwenye kona alipoingia mwalimu wa Kiswahili na flashi yake. Mtihani wa Kidato cha Pili, wa siku ya pili yake, kopi mia na kitu. Mafaili yake yalikuwa ya PDF. Nikabofya, na mtihani ukafunguka ukaijaza skrini nzima, kingo hadi kingo. Hakuna upau juu, hakuna upau chini, hakuna ile alama ya X ya kufungia. Tukautazama. Nao ukatutazama: *Swali la kwanza. Bainisha viambishi katika maneno yafuatayo.*

Ikalia kengele ya mapumziko.

Mwalimu aliielewa hatari kabla yetu. "Funga hilo," akasema. Nikabonyeza Esc. Nikabonyeza Esc kwa nguvu zaidi. "Funga kijana, wanakuja!" Kweli walikuwa wanakuja, maana duka letu ndilo lililokuwa karibu kwa kalamu na pipi.

Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha CPU. Mjomba akanidaka mkono hewani. Fundi alikuwa amemwambia kwamba ukizima kwa nguvu windo jipya linaharibika, na pesa hairudi. Skrini nayo ilikuwa ya zile za zamani zenye kisogo, kitufe chake kilishazama ndani tangu enzi, huwashwa kwa ncha ya kalamu, na siku hiyo kalamu zote nilizozichomeka zilikataa. Mwalimu, mtu mzima, msomi, na suti yake ya kaunda, akaikumbatia ile skrini kwa mikono miwili.

"Shikamoo Mwalimu!" Wanafunzi kama wanane, kwa pamoja.

"Marahaba," akajibu, shavu lake likiwa juu ya swali la tatu.

Alikuwa mwembamba, Mungu amweke. Swali la kwanza na la pili yalionekana upande wa kulia, la nne na la tano upande wa kushoto. Akaona dawa ni kuigeuza. Akainyanyua na kisogo chake chote, akaigeuza iangalie upande wa pili. Upande wa pili lilikuwa dirisha la barabarani. Huko nje palikuwa na foleni ya wanunua mihogo, na foleni yote ilikuwa Kidato cha Pili.

Hapo Mjomba akapata wazo. Fundi alikataza kitufe, hakukataza umeme. Akakimbilia meni switchi akaishusha.

Duka likawa giza. Feni ikasimama, mashine ya kopi ikakata roho, redio ikanyamaza. Ila kompyuta ilikuwa imechomekwa kwenye yupiesi, ile betri ya akiba umeme ukikatika, ambayo Mjomba aliinunua baada ya kukerwa na mgao, na ikafanya kazi yake kwa uaminifu wote, ikilia pii, pii, pii kuwaita watu ambao walikuwa bado hawajageuka. Ndani ya lile giza kilichobaki kinang'aa ni viambishi.

Aliyetuokoa ni binti mmoja mdogo, nadhani wa Kidato cha Kwanza. Akapita katikati yetu, akaomba radhi, akashika mausi, akaipeleka juu kabisa ya skrini, akabana na kuvuta mpaka chini. Mtihani ukasinyaa ukaporomoka. "Kama kwenye tableti ya kaka," akasema. Yeye XP hakuwahi kuigusa, mikono yake haikuwa na kumbukumbu yoyote ya kumsumbua. Halafu akaomba kalamu ya bluu.

Mwalimu akakaa usiku kucha kutunga mtihani mwingine. Sisi tukapata soko. Mji ulijaa habari kwamba pale kwa Mzee mitihani inaonekana, na kwa wiki mbili wanafunzi walimiminika kununua kalamu moja moja, macho kwenye skrini.

Kwa akili yangu nilijua Mjomba siku ileile atamwita fundi alitoe lile windo. Wapi! Alilitetea. "Teknolojia inataka uvumilivu," alimwambia mwalimu, huku mwalimu akijifuta jasho. Printa ilikataa kuitambua mashine kwa siku kadhaa, akavumilia. Wateja walinuna, akavumilia. Yule wa ng'ambo ya barabara analo, na yeye analo, yakaisha.

Mpaka jioni moja nikatoka kwenda kutoa kopi, na nikasikia kimya ambacho si cha kawaida. Nikarudi nikamkuta Mjomba kaduwaa.

"Karata ziko wapi?"

Hazikuwepo. Windows 8 haikuja na Solitaire. Mchezo ambao mwanafunzi wa mazoezi ya kazi, Wes Cherry, aliuandika Microsoft, karata zake zikachorwa na Susan Kare, na ukawemo ndani ya Windows tangu mwaka 1990, safari hii uliachwa kwenye duka la mtandaoni, upakuliwe. Sisi intaneti yetu ilikuwa modemu ya bando la kuhesabia. Mjomba alijifunza mausi kwa ule mchezo: kushika karata ya mzungu wa nne, kumvuta, kumwachia. Nikamwona mkono umebaki juu ya mausi, hauna pa kwenda.

Asubuhi fundi aliitwa. "Hili windo," Mjomba akamwambia mbele ya wateja, kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti, "lina matatizo ya kiusalama."

Akapigiwa Windows 7. Karata zilikuwemo, na za Spider juu yake. Wateja wengi walimsifu Mjomba kwa msimamo wake kuhusu usalama.

Tangu hapo nimesikia mijadala mingi kwa nini watu waliikataa Windows 8, na kila mjadala una maneno ya kitaalamu. Huwa nasikiliza kwa heshima, huku najiuliza msemaji alikuwa anacheza nini. Ilipokuja Windows 10 Julai 2015, bure kwa mwaka mmoja kwa wenye 7 halali, fundi alieleza faida zake kwa kirefu. Mjomba akauliza swali moja tu, tena kwa kunong'ona. Fundi akajibu, "Zipo." Matangazo ya biashara yaliyowekwa katikati ya karata hakuyalalamikia hata siku moja.

Akadumu na 10. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 aliidharau: kitufe cha Start wamekipeleka katikati, nani anaweka mlango katikati ya ukuta? Oktoba 2025, viraka vya 10 vilipokoma, fundi akaja, akaendesha kipimo chake, akatikisa kichwa. Mashine haina TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, na prosesa yake haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo limekataa, Mzee."

"Limemkataa nani?"

"Si wewe, Mzee. Mashine."

Mjomba akasimama. Katika umri wake wote yeye ndiye aliyekuwa akiyakataa mawindo, hakuwahi kukataliwa na windo. Akatazama ng'ambo ya barabara, akauliza yule bwana mashine yake ni ya mwaka gani, akafungua droo ya pesa. Kile kiti changu bado kina mguu wa kamba.