Mtego wa Ndorobo Wenye Magurudumu Mawili

Aliyesema kutalii kwa pikipiki ni raha tupu hajatoka Bagamoyo kwenda Pangani kwa njia ya Saadani. Au alipita, ila ndani ya gari, vioo juu, kiyoyozi kinapuliza.

Tuanze na nguo. Sisi watu wa pikipiki sare yetu inajulikana: jinzi ya bluu, jaketi jeusi. Sasa kaangalie mtego wa ndorobo, yule nzi anayeuma, unavyotengenezwa. Kitambaa cha bluu na cheusi, basi! Ndizo rangi zinazomvuta, na akiona kitu kikubwa kinachotembea anakifuata. Wewe umevaa bluu, umevaa nyeusi, umekalia injini ya moto, unakwenda kilomita 40 kwa saa. Mtego kamili, kasoro wetu hauui hata ndorobo mmoja. Vaa kaki, na iwe nzito, maana nguo nyepesi anaitoboa bila hodi.

Halafu kuna ndoto za picha na simba. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, inapakana na Bahari ya Hindi, lakini pikipiki haina ruhusa ya kuzurura kwenye njia za kutazamia wanyama. Wenye hifadhi wana haki, nani amfungulie simba mlango ambao haupo? Chako ni barabara ya umma, polepole. Ukiona ngiri kakatiza mkia juu, usivute mafuta. Huyo huenda ni mama, watoto wako nyuma yake kwenye nyasi. Ukiona tembo, simama mbali, geuza pikipiki ielekee ulikotoka, injini ikiwaka. Honi iache kabisa. Honi ni ya daladala.

Kero yenyewe hasa ni mchanga, ile michepuko ya kwenda ufukweni kama Ushongo. Kwenye lami tairi la nyuma linataka upepo wa psi 28 hivi (kipimo kilicho kwenye geji ya pampu) ukiwa peke yako, 32 mkipakizana. Mchangani punguza mpaka 20. Sasa kuna wajuaji wanaoshusha mpaka 10, "ili lishike vizuri". Litashika! Tairi lenye tyubu likikosa upepo linateleza kwenye rimu, linaburuta tyubu, nozeli inang'oka shinani. Na tundu la nozeli halipokei kiraka, hata umletee fundi gundi ya dunia nzima. Kwa hiyo beba tyubu mbili, ya mbele na ya nyuma, maana hazilingani. Ukirudi kwenye lami unajaza upya kwa pampu ya mkono, jua la saa saba, ndorobo wakikusimamia kazi.

Mchangani kwenyewe wanakwambia simama kwenye vikanyagio, kaa nyuma kidogo, gesi isikatike, breki ya mbele isahau, tazama mbali. Sawa, nimetazama mbali. Mbali kuna twiga. Na pikipiki inakwenda macho yanakokwenda! Unajikuta kichakani, twiga ametulia anatafuna, anakutazama wewe. Mtalii ni nani hapo?

Masika ndiyo usiseme. Udongo mweusi wa mbuga unajibandika kwenye tairi, unajaa chini ya madigadi ya mbele mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Fungua madigadi, ifunge nyuma na mizigo, kubali kupakwa usoni.

Na cheni je? Kila mtu anaimwagia oili chafu kabla ya safari, anajiona fundi. Oili na mchanga ni msasa. Unasaga cheni na spoketi pamoja. Ifute ikauke, ilegee milimita 25 hivi, oili ipake jioni.

Mafuta jaza Bagamoyo. Vijijini yanauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, na mara nyingine maji yenyewe hayajahama. Weka chupa juani dakika chache uangalie chini. Ukiona mstari, hiyo ya chini usiimimine. Kama umeshamimina na injini inakohoa, fungua skrubu iliyo chini ya kabureta, yatoke.

Ukifika umechoka, unataka samaki na kitanda. Thubutu! Karibu na kijiji cha Saadani kuna mashamba ya chumvi, na upepo wa bahari unaileta nyingine bure. Osha pikipiki usiku huohuo kwa maji ya ndoo yasiyo na chumvi, spoku moja moja, kisha ndiyo ukaoge. Kama maji yamebaki.