Secretariat au Frankel: urefu wa farasi 31 una uzito gani?

Tarehe 9 Juni 1973, katika mbio za Belmont kwenye uwanja wa Belmont Park, New York, farasi watano tu walitoka langoni. Secretariat alimaliza maili moja na nusu, yaani mita 2,414, kwa dakika 2 na sekunde 24. Aliyemfuata, Twice a Prince, alikuwa nyuma kwa urefu wa farasi 31, zaidi ya mita 70. Kwa Wamarekani wengi mjadala umefungwa hapo. Waingereza hawakubali: wao wana Frankel, aliyekimbia mara 14 kati ya 2010 na 2012, akashinda zote 14, akapewa alama 140 za ubora ambazo hakuna farasi aliyezipita katika orodha rasmi ya kimataifa.

Ubishi hauishi kwa sababu kila upande umeshika kipimo chake. Marekani hukimbiza farasi kwenye udongo uliosawazishwa, kwa kasi tangu mwanzo, na saa ndiyo hakimu. Ulaya hukimbiza kwenye nyasi, kwenye viwanja vyenye miinuko na mvua isiyotabirika, kwa hiyo saa haiaminiki sana. Wanaangalia nani kamshinda nani, kwa umbali gani, na kila mmoja alibeba uzito kiasi gani. Ukichanganya vipimo hivi unapotea. Mwaka 2018 Almond Eye wa Japani alikimbia mita 2,400 za nyasi kwa dakika 2 na sekunde 20.6, na hakuna mtu makini aliyedai kwamba kwa hilo amemzidi Secretariat.

Tuanze na wanaoitilia shaka Belmont, maana hoja zao si za kupuuzwa. Mpinzani wa kweli alikuwa mmoja tu, Sham, aliyekuwa wa pili nyuma ya Secretariat katika Kentucky Derby na Preakness, mbio mbili kubwa zinazotangulia Belmont, mara zote kwa urefu 2½. Siku ile Sham alijaribu kwenda sambamba na Secretariat tangu mwanzo. Walipita robo tatu ya maili kwa dakika 1 na sekunde 9.8, kasi ya kujimaliza kwa mbio ndefu namna hiyo. Sham akakatika na kumaliza wa mwisho. Baada ya hapo pengo likawa linajijaza lenyewe: urefu 7 kwenye maili moja, 20 kwenye maili moja na robo, 31 mwishoni. Waliobaki walikuwa farasi wa kawaida, na joki akishaona ushindi umekwenda hupigania nafasi ya pili, hamkimbizi aliye mbele. Kwa hiyo namba 31 yenyewe, inayorudiwa kila mahali, ni ushahidi dhaifu.

Lakini watoe wote wanne uwanjani, saa inabaki. Robo maili sita za Secretariat zilikwenda hivi kwa sekunde: 23.6, 22.6, 23.6, 24.4, 24.8, 25.0. Kwa kawaida farasi aliyeanza na robo mbili kama zile huzilipia. Robo ya tano na ya sita hupanda hadi sekunde 26 au 27, hatua zinafupika, kichwa kinapanda. Huyu alipungua kidogo kidogo tu, na joki Ron Turcotte mgongoni hakuwa akimchapa. Alipopita maili moja na robo saa ilisoma 1:59, haraka kuliko rekodi ya 1:59.4 aliyoiweka yeye mwenyewe kwenye Derby ya umbali huohuo wiki tano kabla, na bado alikuwa na mita 400 za kukimbia.

Rekodi ya awali ya Belmont ilikuwa 2:26.6, ya Gallant Man, 1957. Baada ya 1973, Easy Goer alikimbia 2:26 mwaka 1989. Affirmed alitwaa taji lake la mbio tatu (Derby, Preakness na Belmont) mwaka 1978 kwa 2:26.8, American Pharoah mwaka 2015 kwa 2:26.65, Justify mwaka 2018 kwa 2:28.18. Sekunde moja ni kama urefu tano hadi sita, kwa hiyo hata Easy Goer katika siku yake bora angekuwa nyuma kwa urefu kumi au zaidi. Hiyo kumi naiamini kuliko ile 31.

Kuna jibu jingine la wenye shaka, nalo ndilo zito zaidi: udongo wa New York mwaka ule ulikuwa mwepesi, wa kukimbiza. Mwezi Septemba, palepale Belmont, Secretariat aliweka rekodi ya dunia ya maili 1⅛ katika Marlboro Cup, 1:45.4, mbele ya Riva Ridge, bingwa wa Derby na Belmont za 1972. Wiki mbili baadaye, katika mbio za Woodward, umbali uleule wa maili moja na nusu, Prove Out alimshinda kwa urefu 4½ kwa muda wa 2:25.8. Uwanja ulikuwa umelowa, na Prove Out alibeba ratili 126 dhidi ya 119 za Secretariat.

Woodward inakata pande mbili. Kwanza inaonyesha kwamba 2:26 haikuwa ndoto kwenye uwanja ule mwaka ule, hivyo tofauti na miaka mingine ipunguzwe kidogo. Pili, na hapa mashabiki wake hunyamaza, inaonyesha kwamba Secretariat alikuwa na siku mbaya. Alikimbia mara 21 akashinda 16. Kabla ya Derby alishika nafasi ya tatu katika Wood Memorial akiwa na jipu mdomoni, na baadaye akafungwa na Onion huko Saratoga.

Frankel hana siku ya namna hiyo, na nguvu ya hoja yake iko kwa mpinzani mmoja: Excelebration. Farasi huyu alishinda Prix du Moulin mwaka 2011, kisha Jacques le Marois na Queen Elizabeth II Stakes mwaka 2012, kwa hiyo si wa kubeza. Alikutana na Frankel mara tano, akashindwa mara tano. Katika nne kati ya hizo pengo lilikuwa urefu 4 kwenye mbio za Greenham, 4 tena Ascot mwishoni mwa 2011, 5 kwenye Lockinge, halafu 11 kwenye Queen Anne ya Juni 2012. Sham hakutupa mfululizo wa namna hiyo.

Wapangaji alama hufanya kazi hivi: kwa mbio za maili moja, urefu mmoja huhesabiwa takriban ratili mbili. Urefu 11 ni kama ratili 20. Unachukua alama za aliyeshindwa, unaongeza. Wanaofuatilia handikapu (mbio ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi) za Ngong, Nairobi, wanaujua mchezo huu, na wanajua penye tundu: ni lazima uamue kama aliyeshindwa alikimbia kwa kiwango chake. Timeform, kampuni ya Uingereza inayopanga alama zake yenyewe, walifika 147 kwa Frankel, orodha rasmi ikasimama 140. Mbio ni zilezile. Tena Januari 2013 waandaaji wa orodha rasmi walipitia upya alama za zamani na kumshusha Dancing Brave wa 1986 kutoka 141 hadi 138. Frankel akakaa kileleni bila kukimbia hata hatua moja. Marekebisho yalikuwa na sababu zake za kitaalamu, lakini saa haipitiwi upya kwa namna hiyo. Mwaka 2022 Flightline alifikishwa 140 vilevile, kwa mbio sita tu za maisha yake yote.

Frankel pia hakuwahi kutoka Uingereza wala kujaribiwa maili moja na nusu. York, Agosti 2012, alishinda kwa urefu 7 katika umbali wa zaidi kidogo ya maili moja na robo, na hapo ndipo mwisho wa tunachokijua.

Ukiniuliza ni farasi gani ningemwekea fedha kesho asubuhi bila kuuliza hali ya uwanja, ni Frankel. Ukiniuliza mbio moja, ni Belmont, kwa sababu ya zile robo mbili za mwisho baada ya mwanzo ule. Kuihakiki zaidi kwa sasa haiwezekani: Belmont Park inajengwa upya, na mbio za 2024 na 2025 zilihamishiwa Saratoga kwa maili moja na robo. Zikirudi nyumbani zitakimbiwa kwenye udongo mpya, na miaka kadhaa itapita kabla hatujajua udongo huo unakimbiza au unashika.