Nyanya Zinapandwa Lini Hapa Dar?

Hapa Dar ukitaka watu wagombane, achana na Simba na Yanga. Uliza tu nyanya za nyumbani zinapandwa mwezi gani.

Mama mkwe anasema masika. Shikamoo mama, lakini masika ya huku, Machi hadi Mei, mvua hainyeshi, inamwagwa! Nyanya inashinda na majani mabichi kutwa, ugonjwa wa bakajani unaingia, shamba linabaki vijiti. Mchicha ndiyo kabisa. Zile mbegu ndogo kama vumbi, mvua moja tu inazisomba hadi ng'ambo ya ua. Sasa mchicha niliomwaga mimi anauvuna jirani, na kila asubuhi ananisalimia vizuri tu.

Mjomba wa Lushoto naye kapiga simu: "Panda kabichi na karoti, zinakubali mwaka mzima!" Mtu anaongea amevaa sweta huyo. Yeye yuko mita kama 1,400 juu milimani, mimi niko usawa wa bahari. Kabichi ya kwangu ikikutana na Januari haifungi ng'o, inakunjua tu majani kama inaomba feni.

Aliyenimaliza ni shemeji wa Ujerumani. Kaniletea pakiti ya mbegu, picha safi, maelezo yanasema panda baada ya jalidi ya mwisho kupita, yaani ile baridi ya kugandisha. Nikamwendea mzee wa mtaa kumuuliza ilipita lini. Akanijibu hata ya kwanza bado anaisubiri. Baridi yetu sisi ni kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku nyuzi 18 au 19, na watu tunatoa makoti ya kujionyeshea.

Na hicho kipupwe ndicho chenyewe, kama mtu anataka kunisikiliza, maana nyumbani kwangu hakuna. Nyanya unasia kitaluni mwisho wa Aprili, unaifunika isipigwe na mvua, baada ya wiki nne mvua zinaanza kukata, unahamisha. Ukisubiri joto la Januari, mmea unachanua hadi wapita njia wanasifu, halafu usiku nao joto halishuki, maua yanapukutika yote. Unabaki na mti wa kivuli.

Ila kipupwe nacho kina visa vyake. Mvua hakuna, kwa hiyo ni bomba, na bomba la mtaani kwetu linatoka saa tisa usiku. Namwagilia kwa tochi, mbwa wananibwekea. Agosti nyanya zinaiva, nafurahi, kumbe wakulima wa nchi nzima nao zao zimeiva! Sokoni bei imelala, muuzaji anakuongezea bila kuombwa. Zikipanda bei masika, mimi sina hata moja. Mama watoto anapiga hesabu ya maji kwa sauti, makusudi.

Bamia peke yake haina maneno. Joto inalipenda, miezi miwili hivi unachuma. Sasa watoto wangu hawataki kitu kinachoteleza. Matembele nayo unachomeka kipande cha mche tu, yanatambaa, lakini nani atakusifu kwa matembele?

Halafu kuna kuku wa mwenye nyumba. Masika yumo, vuli yumo, kiangazi yumo, anafukua miche yangu mmoja mmoja. Nimekwenda kumshtaki. Mwenye nyumba kaniambia kuku wake hali mboga, anapekua tu. Akaniuliza kodi ya mwezi ujao iko tayari?